Kidau cha Jiwe

Matrah, nyuma ya soko la fedha,
ipo nguzo ya Karani Mhenna bin Sulaitin:
mababa saba wamechongwa mmoja juu ya mwenzake,
na chini yao kalamu, na kidau cha wino cha jiwe
ambamo njiwa hunywa mvua ikinyesha,
yaani mara mbili kwa mwaka, tukijaliwa.

Simkatalii. Aliandika arzuhali mia tatu na kitu,
arzuhali za watumwa, kwa mkono wenye homa,
wala hakutoza hata pesa ya wino.
Wakubwa walimnyima salamu. Duka lake likachomwa.
Jiwe ni haki yake, na kivuli chake nimekikalia.

Ila leo nimekuja na bahasha.
Ndani yake hati ya bibi mzaa bibi yangu,
imekunjwa mara nne, mikunjo imetoboka.
Jina: Yakuti. Baba: hajulikani.
Kuzaliwa: Sawahil,
pwani nzima ndiyo kijiji chake.
Alama: kovu, jicho la kushoto, kwa juu.
Mwandiko ni wa Mhenna. Naujua ule mkia
wa herufi ya mwisho, unaopinda kama ndoana.

Lakini kalamu haikutembea.
Aliyetembea ni yeye, kutoka mitende ya Suwaiq,
usiku sita, mchana kajilaza ndani ya falaji kavu,
tende kumi na nne pindoni, akizihesabu
kuliko alivyozila.
Alipofika akaukumbatia mlingoti wa ubalozi,
chuma cha adhuhuri kikambabua viganja,
na hakuuachia
hata alipoambiwa, basi, mama, yamekwisha.

Jina alilopewa na mama yake hakumpa karani.
Alimpa bintiye, sikioni, usiku wa kukata roho,
nalo limeshuka sikio kwa sikio hadi kwangu.
Silitii hapa.
Si la kusomwa na kila mpita njia.

Thuwaiba wangu ana miaka tisa,
Kiswahili chake cha kuokoteza.
"Mama, mbona yeye hana jiwe?"
Nikainama nikamnong'oneza.
Akachovya kidole kidauni,
maji ya mvua ya juzi, yana unyoya wa njiwa,
akaandika chini ya baba wa saba.
Jua la Matrah halina subira:
herufi ya kwanza imekauka,
ya mwisho haijaanza.

Mlinzi akasogea, akauliza twaandika nini.
Maji tu, nikamwambia.
Mwanangu akachovya tena.