Ushahidi, Ukurasa wa Sitini na Moja

Punta Arenas, Julai. Saa kumi na mbili haijagonga
na giza limeshatanda. Upepo unapekua mabati
kama mtu aliyepoteza ufunguo.
Mezani kuna karatasi ya zoezi, chai iliyopoa,
na riwaya ya kuazima, mgongo wake umebandikwa gundi.
Ndani ya jalada, majina ya walionitangulia:
Yerko. Maite, aliyechora moyo kisha akaufuta,
ila kalamu ilikandamizwa sana, moyo bado upo.

Swali la nne, alama sita:
*Kwa nini Bruno anaupaka mlango rangi mara tatu?
Thibitisha kwa mifano kutoka kitabuni.*

Mwalimu Ovando hutuonya: msikimbilie maana.
Someni kilichoandikwa, kisha kilichoachwa.
Aya, anasema, ni kama kaa:
nyama imejificha mguuni, vunja taratibu.
Nilipomsimulia Mama alicheka mpaka akakohoa.
"Huyo hajavunja hata mmoja.
Kiwandani ukivunja taratibu
unarudi nyumbani na nusu ya mshahara."

Nikaandika: *Mlango ni ishara ya matumaini.*
Jibu safi, limenyooka, limepigwa pasi.
Mlango ukiwa kitabuni, darasa letu zima
huandika matumaini. Dirisha, uhuru.
Mvua ikinyesha, basi mtu analia.

Mama yuko nyuma yangu, anakausha sahani.
"Matumaini gani," akasema, "na brashi ni kavu?"
Brashi gani?
"Rangi iliisha mara ya kwanza. Soma."

Nikafungua. Ukurasa wa sitini na moja
ulikuwa umekunjwa pembeni, na sikuukunja mimi.
Nikaunusa: ndimu, na chini ya ndimu, kaa.
Mama, aliyeacha shule darasa la sita,
anayesaini kwa herufi kubwa zinazoegemeana,
amekuwa akiisoma usiku, mimi nimelala,
amenipita kwa sura nne.

Na kweli, mstari wa tisa, umekaa kimya
katikati ya maelezo ya hali ya hewa:
*kopo lilikuwa tupu tangu asubuhi.*
Nimeupita mstari huo mara mbili
kama mtu anavyopita mbele ya nyumba ya jirani.

"Kwa hiyo anapaka nini?" nikauliza.
Mama akaitazama sahani, ilikuwa imekauka zamani,
akaendelea kuifuta.
"Mikono," akasema. "Mikono inataka kazi.
Kaka yake akirudi, akute mtu mlangoni."

Hapo nikakumbuka, na sikutaka kukumbuka:
viatu vya Nevenko chini ya ngazi,
miaka miwili tangu aende kaskazini, machimboni,
na kila Jumapili baada ya misa
Mama huvipaka mafuta, kisigino, ulimi, mshono,
viatu ambavyo havijaguswa na tope.
Kupaka rangi. Kupaka mafuta.
Kitenzi ni kilekile. Mwalimu huiita takriri.
Mama haiiti kitu.

Nikafuta matumaini. Raba ikatoboa karatasi.
Nikaandika brashi, kopo, mstari wa tisa,
nikaandika kwamba msimulizi hasemi "huzuni" hata mara moja
na ndiyo maana imejaa chumba kizima.

Swali la tano, alama mbili:
*Hadithi hii inahusiana vipi na maisha yako?*
Mama alikuwa ameketi, miguu juu ya kigoda,
kitabu mkononi, kidole chini ya neno,
midomo ikitembea bila sauti.
Nikaifunga kalamu.

Ijumaa karatasi ilirudi. Sita kwa sita,
na pembeni, kwa wino mwekundu: *Nani kakusaidia?*
Chini, kwenye mistari mitupu: *Umesahau hili.*

Sikusahau, Mwalimu.
Si ulisema tusome na kilichoachwa?