Kumi na Nne, Ishirini na Nne

Mashine ya alizeti ya Mzee Chilongani
ilisimama saa nne asubuhi, Kibaigwa,
magunia yakiwa foleni hadi barabarani
na mama mmoja wa Pandambili amekalia la kwake
asije mtu akalisogeza.

Nikavua kava. Bolti sita za kapilingi,
zote za tundu,
vichwa vimezama kwenye chuma kama macho ya mgonjwa.
Mashudu yamejaa humo, yameiva kwa joto,
yamekuwa saruji.
Nikaomba msumari. Nikachokonoa.

Ndulumo, aliye na miezi mitatu kwangu, akauliza:
Fundi Mbeleje, kwa nini hawakuweka za kichwa nje,
spana ikumbatie, mtu uvute, yaishe?

Za kichwa nje hazina siri, nikamwambia.
Pembe zote sita ziko juani.
Ukikosa soketi una spana pete,
ukikosa pete unashika hata spana malaya,
ingawa hiyo itakula kona na kukuachia yai.
Lakini zinataka nafasi: kichwa, na bega la spana, na kiwiko chako.
Hapa ziweke, mashine izunguke,
kila kichwa kingekuwa ngumi.
Kingeanza na kava. Kisha shati. Kisha aliyevaa shati.

Za tundu hujibana. Hazigusi mtu.
Ila ufunguo wake ni mmoja tu,
na ukiuingiza nusu kwa uvivu wa kuchokonoa
umeshaiua.

Unene ni uleule, milimita kumi na sita.
Kwa nje unashika ishirini na nne.
Kwa ndani, kumi na nne.
Kwa hiyo ya nje ndiyo ngumu?
Soma kichwani, kijana. Futa mafuta usome.
Kumi na mbili nukta tisa.
Ugumu umeandikwa hapo, na unakaa shingoni na kwenye meno.
Tundu ni mlango tu.

Mzee Chilongani akataka kulifananisha jambo hili
na wake zake wawili.
Nikampa tochi ashike.

Tano zikatoka.
Ya sita ikasema *tk*.

Kila fundi anaijua ile *tk*.
Ni ndogo kuliko punje ya alizeti ikipasuliwa kwa jino,
na ukiisikia mkono unapoa.
Ufunguo ukawa unazunguka peke yake
kama kijiko kwenye kikombe.

Marehemu Ngobile aliniachia funguo za inchi
kwenye kopo la maziwa. Hakusema za nini.
Nimezibeba miaka tisa, nikimlaumu kwa uzito wake.
Tisa ya kumi na sita: inaizidi kumi na nne
kwa unene wa kipande cha gazeti.
Nikaipanga kwenye tundu, nikaigonga kwa nyundo
hadi ikajikatia kona zake mwenyewe.
Nikavuta. Ikakataa.
Nikavuta na jina la Ngobile.
Ikalia, ikaja.

Mzee akaleta bakuli la bolti alizookota,
vichwa nje, nane nukta nane.
Bure, akasema.
Nikamrudishia bakuli lake.
Pikipiki ikaenda Dodoma mjini, ikarudi alasiri
na vumbi hadi kwenye kope za dereva.

Nikafunga mpya kwa spana ya kipimo.
Inapofika, nayo husema *tk*.
Ndulumo akaruka: Imekatika!
Haijakatika. Hiyo ni ile nyingine.
Ya pili akaruka tena.
Ya tatu akafumba macho.

Nikajaza grisi kila tundu, mashudu yasipate pa kulala,
ili atakayefungua mwakani asinitukane.

Ya sita nilimwachia avute mwenyewe.
Alivuta polepole, meno nje, shingo imekaza,
nasi wote tukanyamaza tukisubiri,
hata mama wa Pandambili,
aliyekuwa ameinuka juu ya gunia lake
bila kujua anasikiliza nini.