Hatua Mia Nne

Tuliiacha njia penye jiwe la chokaa,
jiwe ambalo mgeni halitazami mara mbili.
Shaame mbele na panga aliloapa halitakata kitu,
mie nyuma na chupa ya chai, boflo mbili,
na ukurasa wa daftari langu la Darasa la Nne
ambao baba aliuchana bila kuniomba, akaandika:
*Toka kijitoni, hatua mia nne, jua la asubuhi mgongoni.
Mvule. Nimeutia alama. Huo niliuacha.*

Basi. Hakuongeza neno
mtu aliyevuta msumeno miaka kumi na tisa
upande wa shimoni, unga wa mbao machoni.

Ngezi haina mlango.
Unapita ubavuubavu, kama katika chumba cha bibi harusi:
huku mpapindi umekulalia na kuti lake,
kule mtambaazi mnene kama paja umekushika kiuno,
unauambia mti samahani, na hufanyi mzaha.
Majani yaliyooza tangu hujazaliwa
yanaumeza mguu hadi kifundoni
na kuurudisha kwa shingo upande.

Mia moja. Mia mbili na kumi.
Siafu!
Tukapigana na nguo zetu wenyewe,
tukacheka, hesabu ikamwagika.
Tukarudi kijitoni tuanze upya.
Kijito hatukukiona.

Humo jua halitui. Mwanga hupunguzwa tu,
kidogokidogo, na mtu mbahili wa mafuta.
Juu popo wakaamka wakakung'uta mbawa
kwa kishindo cha turubai bichi.
Tukatandika mkeka baina ya mizizi miwili
ya mti ambao hatukuuliza jina lake.

Usiku komba akalia, kilio cha mtoto aliyenyimwa,
na Shaame, baba wa watoto watano,
akainuka nusu, mkono ukitafuta neti,
kabla hajakumbuka yuko wapi.
Kisha bundi: hu.
Kimya.
Hu.
Kama anayehesabu kitu na hapiti moja.

Hapo ndipo nilipojiuliza: hatua za nani?
Mie nimezaliwa baada ya gogo kumwangukia mguuni.
Baba nimjuaye alikuwa na hatua ya shubiri mbili,
kukokota, kutua, kukokota,
tulikuwa tukimsikia kutoka msikitini
muda mrefu kabla hajafika ukumbini.
Ukurasa ni wangu,
lakini miguu iliyopima si ile niliyoikanda mafuta ya nazi.
Nilimwamsha Shaame nimwambie.
Akasema, "Lala."

Kulipokucha, mivule ilikuwa sita,
saba tukiuhesabu ule uliotulaza.
Nikaupapasa mmoja mmoja: ukoga, mchwa, maji.
Miaka arubaini ya gome haihifadhi mwandiko wa mtu.
"Tuutie alama mmoja," Shaame akasema, "tuseme ndio huo,
mama atajuaje?" Panga mkononi, la kwanza tangu jana.
Nikamwambia alirudishe alani.

Tukanywa chai iliyokwisha poa.
Kijito kilikuwa nyuma yetu tu, hatua thelathini,
kikipita chini ya majani bila kelele, kama mwizi.
Nikasimama ukingoni, jua la asubuhi mgongoni,
nikaanza moja, nikiurusha mguu mbali
kuliko unavyofika,
hatua ya mtu mzima wa miguu yote miwili
ambaye sikuwahi kumwona akitembea.

"Unaruka nini?" Shaame akauliza.

Mbili.