Ukurasa wa Nne

"Zama za kati," niliandika ubaoni,
na chaki ikakatikia hapo hapo kwenye "kati".
Shaame, wa dawati la nyuma, akauliza:
Kati ya nini na nini, mwalimu?
Darasa likacheka. Mimi sikucheka.
Jibu sikuwa nalo, nilikuwa na mtaala tu.

Wiki ya kwanza waliniletea ngome.
Ngome za mawe meusi, madaraja ya minyororo,
wanaume waliovaa chuma mpaka puani,
theluji.
Theluji, Ndagoni!
Kazi kumi na mbili kutoka duka moja la fotokopi pale Chake,
hata kosa la tahajia limerudiwa mara kumi na mbili
kama itikio la maulidi.
Nikawaambia: hawa nao walikuwa na mama zao,
sina ugomvi nao. Lakini mwaka ule ule
mtu alikuwa hapa, ana njaa.
Tuanze na njaa yake. Alikula nini?

Jumamosi tukashika njia ya Ras Mkumbuu kwa miguu,
watoto ishirini na sita, madumu matatu ya maji,
muhogo wa kuchemsha katika beseni la Hidaya.
Kanuni nilizitoa njiani, nahema:
Usiokote. Chora.
Usiandike "inasemekana", mtaje aliyesema.
Ukiona jambo mara moja, usiseme "siku zote".
Na ukuta usiupande, umeshachoka.

Mfuko wa Shaame ulikuwa umevimba.
Toa. Akatoa kigae cha kijani, kinang'aa
kama kimeoshwa asubuhi ile.
Rudisha ulipokitoa.
Akazunguka nusu saa, akiinama, akiinuka,
asipaone tena pale pale pake,
na jasho lile likamfunza kuliko muhula wangu mzima:
kitu ukikihamisha, unakikata ulimi.

Hidaya akaona ukingo wa chungu wenye mistari.
Hii ni kama ya chungu cha bibi!
Vyungu vingapi umeviona? Kimoja.
Basi andika kimoja.
Alininunia njia nzima ya kurudi.
Jumatatu akaja na michoro ya vyungu saba
na habari ya muuzaji wa Machomanne
aliyemfukuza kwa kipande cha ukuni.

Mize yeye hakusema kitu.
Alikaa kisimani. Mdomo wa jiwe
ulikuwa na mifuo, kamba imepita, imepita,
mpaka jiwe likakubali.
Akatia kidole, kikazama hadi kifundo cha kwanza.
Kisha akatazama makaburi yenye nguzo,
akatazama tena kisima.

Kazi yake nimeisoma jana usiku.
Ukurasa wa kwanza: mifupa ya samaki, punje za mtama.
Wa pili: nyumba, vipimo kwa hatua zake mwenyewe,
na hatua yake ameipima kwa rula.
Wa tatu: biashara, nani kasema, lini, wapi.
Wa nne una kichwa cha habari: ALIYECHOTA MAJI.
Chini yake mfuo mmoja, umechorwa kwa ukubwa wake halisi.
Kisha weupe.
Weupe mpaka chini, na penseli hafifu pembeni:
"Nimemuuliza mlinzi wa magofu. Nimeuliza nyumbani.
Nimesoma vitabu viwili vya maktaba, cha tatu kimeliwa na mchwa.
Jina lake sijalipata.
Nafasi hii ni yake, naomba isijazwe."

Mwongozo wa kusahihisha ninao:
utangulizi alama tano, mbinu kumi,
matokeo ishirini, usafi wa kazi tano.
Pa kutilia alama ya weupe hapapo.
Nimeweka kumi, nimefuta. Nimeweka sifuri,
mkono ukanisuta.
Kalamu nyekundu imekauka ncha nikiwa nimeishika.

Alfajiri nikaenda kufungua mfereji nitie udhu.
Ukakohoa, ukatoa upepo.
Nikachukua ndoo, na kamba.