Kaa wa Jivu

Saa tisa usiku Orpha Merritt huvaa mabuti ya mumewe
akashuka kibandani, penye matangi na balbu tupu,
kutazama nani amevua gamba.
Kaa aliyejivua ni laini kama ndewe ya sikio la mtoto,
na ulaini huo ni wa saa chache:
ukipitiwa na usingizi, yeye anakuwa mgumu tena
na wewe unakuwa maskini.

Ni Juni, Chincoteague. Ghuba imeanza uvuguvugu.
Tangi la tatu, kumi na saba hawakuvua.
Anamgeuza mmoja: tumbo limepoteza weupe wa kaure,
limekuwa kijivu,
jiko lililoachwa tangu jana.
Gando halibani kidole.

Wendell angesema ni baridi ya usiku.
Wendell hayupo kusema.

Kijana wa maabara alikuja na sindano,
akadunga penye kiungo cha mguu wa nyuma.
Damu ikatoka kama maji ya mchele, ikakataa kuganda.
"Njoo uone," akasema, akampisha kwenye hadubini.

Hana uso. Hana mguu,
ila ule anaoubuni akitaka kwenda.
Amiba. Anakula chembe za damu mojamoja,
kama mtu apukuchuaye hindi gizani,
hana haraka.
Na ndani yake, ubavuni mwa kiini,
kitone kingine: kiumbe mwingine, alisema kijana,
aliyeingia zamani hizo, hata mlango ameusahau.
Orpha akacheka, mara ya kwanza wiki ile.
"Huyo wa ndani, naye hulipa kodi?"

Lugha yangu, ambayo Orpha hajapata kuisikia,
ina neno moja: kaa mwenye magando,
kaa la moto,
na kaa, uambiwavyo ukiwa mgeni.
Usiku huu yote yamo tangini.
Mgeni alikaa ndani ya kaa
mpaka kaa likawa jivu.

Anawaopoa kwa wavu mpaka ndoo mbili zijae.
Hawarudishi ghubani: walio huko hula wafu wao,
na pengine ndiyo njia yake.
Anawafukia nyuma ya banda, kwa chokaa, kwa koleo la Wendell.

Anaporudi, tangi la kwanza,
mmoja anatoka ndani ya gamba lake kinyumenyume,
taratibu, kama aliyesahau kitu.
Orpha anavuta ndoo, anakaa.
Amalize kwanza.
Ndipo amgeuze, atazame tumbo.