Chaza Ghorofa ya Saba

Pipeline, Jumanne. Mfereji umekohoa mara mbili ukanyamaza.
Mtungi wa maji umepanda bei tangu Ijumaa,
na kijana wa kuupandisha ngazi anadai yake kando.

Kwenye karai nina chaza tisa.
Walikuwa kumi na wawili. Watatu walifunguka wenyewe
tulipokaribia Mtito Andei, nikawatupa.
Anayefunguka kabla ya kisu, alisema Bi Mwanasiti,
usimle, wala usimlilie.

Nilitumwa kwake kudai. Niseme kweli:
mkobani nilikuwa na fomu ya friji
aliyoikopa ili kamba wake wasiharibike,
umeme ukakatika siku nne, wakaharibika ndani ya friji.

Mji ni barabara moja na kona yake,
msikiti, duka la simenti,
na vilima vyeupe nilivyodhani ni chokaa
mpaka vikalia chini ya kiatu changu.
Maganda. Vyakula vya mchana vya miaka na miaka.
Wenyeji hula, hutupa, kisha hujenga juu yake.

"Kaa," akaniambia, akinisogezea ndoo.
Nikaduwaa, nisijue
ananikaribisha au ananitajia mnyama.
Alicheka hadi kisu kikamponyoka.

Basi nikakaa. Nikala kaa.
Nikala tondo, nikiwachokoa
kwa pini aliyoitoa kwenye leso yake.
Fomu ikalowa mchuzi pale pa sahihi.

Akanifundisha chaza: usimlazimishe.
Atafute mkono wako bawaba yake, huku nyuma,
ingiza ncha, zungusha kama mtu
anayefungua mlango wenye mgonjwa ndani.
Kisha akanifungia kumi na wawili kwenye gunia bichi.
"Hawa si wa deni. Deni ni la bosi wako.
Hawa ni wako."

Sasa sina kisu chake, nina bisibisi.
Mumbua wa mlango wa pili amekuja na kikombe
kuomba maji, mama yake anasonga ugali.
Anauliza kwa nini napika mawe.

Wa kwanza ananikata kidole.
Wa pili anakubali, taratibu,
na ndani yake, angavu, hayajamwagika,
maji. Kijiko kimoja, labda na nusu.
Karibu kilomita mia tano ameyakumbatia
kwa mdomo uliofumbwa,
akapita vizuizi vyote vya polisi, akapanda ngazi saba,
na hakuna aliyemtoza shilingi.

Mumbua anainama hadi pua inakaribia kugusa.
"Nani alimwekea?"

Damu yangu inadondoka karaini.
Kesho saa mbili natakiwa ofisini na ripoti.
Pale penye *Mali inayoweza kuchukuliwa*
nimeandika *ndoo*, nikaifuta.

"Onja," namwambia.
Anaonja. Anakunja uso wote, mpaka masikio.
Halafu ananyoosha kikombe.