Karatasi za Bi Atuganile

Mwaka ule wa El Nino
nyumba yetu ya Buguruni ilikuwa na vyumba sita,
bomba moja, choo kimoja,
na mwenye nyumba aliyedai kodi kwa Kiswahili peke yake.
"Ukitaka nikusubiri," alisema Bi Atuganile,
"niambie kwa sentensi iliyokamilika."

Chumba cha pili walishukia watu wa Bururi:
mama, pacha wake Bukuru na Butoyi,
sufuria lililofungwa kwa kitenge, ndani yake vyeti vya ubatizo.
Cha tano, Lwaboshi, fundi saa wa Uvira,
akiapa kwamba Kiswahili alikinyonya titini,
mpaka alipoomba uani, "Munipatie mayi,"
na ua mzima ukaangua kicheko.

Bi Atuganile hakucheka.
Ujanani alipelekwa nchi ya Kiebrania kusomea ushirika,
kwenye shamba ambako watu mia walikula meza moja,
waliofika juzi wakiwapakulia waliofika jana,
kila mtu na lugha yake kama donge kooni,
na kabla ya kuchuma machungwa, darasa.
"Kule maji huyaita mayim," alituambia.
"Huyu amekwisha fika nusu ya njia. Nyinyi je?"

Usiku akalichana daftari lake la madeni ya mkaa,
akapika gundi ya unga wa muhogo,
tukaamka nyumba imeota maneno:
ndoo, ufagio, kinu, chujio,
hata paka, jina lake limeshonwa kwa uzi shingoni.
Jioni, umeme ukiwa wa mgao, chemli katikati ya mkeka,
tukaimba ngeli kama watoto wa chekechea:
kiti changu kimevunjika, viti vyangu vimevunjika.
"Mbona kila kitu kinavunjika?" aliuliza Butoyi.
Jaribio la kwanza, mimi mzaliwa wa Ilala
nilipata nne kwa kumi.
Bukuru alipata saba.
Sijamsamehe.

Mama yao hakusema neno wiki tatu.
Alifagia zamu yake, alisonga ugali zamu yake,
darasani alikaa kama mtu anayengoja jina lake liitwe hospitali.
Siku moja, mvua ikilipiga bati, alisimama mlangoni,
kidole juu ya karatasi.
"Mlango," akasoma. "Kwetu, umuryango."
Kisha polepole, kama anayehesabu chenji:
"Umuryango ni huu wa mbao.
Umuryango ni ukoo pia.
Wa mbao niliufunga mwenyewe, ufunguo ninao.
Ule mwingine..."
Akalitafuta neno ukutani. Halikuwa limebandikwa.
Bi Atuganile alijikohoza. "Hapa pwani nako," akasema,
"ukoo huitwa mlango."
Lwaboshi akaenda kumchotea mayi,
akayataja kwa sauti, mayi,
na safari hii ua ulinyamaza.

Kufika Februari mvua ilikuwa imezibandua karatasi zote.
Tuliziokota mtaroni, wino umekuwa moshi,
wala hakuna aliyeuliza ndoo inaitwaje.
Tukifua, Bi Atuganile alinidokeza jambo:
kwa Kiebrania nyumba ni bayit,
na ubeti wa shairi nao ni bayit.
Nikaacha povu likaukie mikononi. Beti! Hata kwetu beti!
Ndiyo maana hili nimelijenga vyumba sita,
na vina sikuvitia; kuta zilikuwa bado mbichi.
Mwisho wa mwezi mama wa Bururi alibisha hodi kwa mwenye nyumba,
amevaa gauni la kanisani, sentensi ameishika kama yai:
"Naomba unisubiri mpaka Ijumaa,
kodi langu halijatimia."
Ngeli aliivunja mara mbili.
Bi Atuganile alimsubiri hadi Pasaka.